Mkutano unategemewa au unatarajiwa?

Swali: Niliandika kwenye tangazo, "Mkutano unategemewa kuanza saa tatu." Mhariri akabadilisha kuwa "unatarajiwa". Kuna tofauti gani? Na "kutazamia" je?

Jibu: Mhariri wako ana hoja, ingawa mimi nisingekufunga kwa kosa hilo. Wengi husema "nategemea atakuja kesho" na wanaeleweka. Ila kitenzi hiki kina uzito wake: anayetegemea ameegemea kitu, na kikiondoka ataanguka. Ndiyo maana wahenga walisema "mtegemea cha nduguye hufa maskini". Weka "mtarajia" hapo uone methali inavyolegea. Mtu akikuambia "tunategemea mtoto mwezi ujao", unaweza kudhani mtoto ndiye atakayewalisha! Wenyewe wanatarajia mtoto, na mkewe ni mama mtarajiwa. Mama mtegemewa ni mwingine kabisa.

"Kutaraji", au "kutarajia" kama wengi tunavyosema leo, kumetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kutumaini. Harufu ya asili bado haijaisha. Ukisoma "vifo zaidi vinatarajiwa", sikio linashtuka kidogo, kana kwamba kuna anayevingojea kwa hamu. Kwa matumizi ya sasa si kosa, maana neno limepanuka hadi kubeba mema na mabaya, lakini mimi ningeandika "inahofiwa kutatokea vifo zaidi". Mvua ikitarajiwa sina neno. Wapo wanaoiombea.

"Kutumaini" ni jambo la moyo zaidi. Natumaini atapona hata kama daktari hatarajii hivyo.

Sasa "kutazamia". Hili ni "tazama" katika kauli ya kutendea, kwa hiyo macho yamo ndani yake: unaangalia upande ambao jambo litatokea, pengine umeshaona dalili. Lina maana nyingine pia, ya kuagua, na mtazamiaji anaweza kuwa mpiga ramli. Kwa hiyo "wataalamu wanatazamia bei kupanda" ni Kiswahili safi, ila msomaji mtundu anaweza kukuuliza kama walitumia bao la ramli.

Kwenye tangazo lako, acha "unatarajiwa". Kama saa imeshathibitishwa, andika tu "Mkutano utaanza saa tatu."