Shawa ya umeme ikianza kutekenya, usiendelee kuoga

Wateja wangu wa Kigamboni wakipiga simu huwa wanasema, "Fundi, shawa inatekenya," halafu wanacheka. Mimi sicheki. Huo ni umeme unaokupitia mwilini. Leo umegusa koki kwa ncha ya kidole, kesho utaishika kiganja kizima ukiwa umesimama peku kwenye vigae vilivyolowa.

Maji yenyewe si mpitishaji hodari wa umeme. Yale ya maabara, yaliyoondolewa kila kitu, hupitisha kidogo mno: maikrosimensi 0.055 kwa sentimita. Ya bahari hufika 50,000 hivi. Tofauti yote hiyo inaletwa na chumvi iliyoyeyuka. Sasa wengi wetu huku pwani tunaoga maji ya kisima, na visima vingine ukionja tu unakunja uso.

Shawa nyingi za bei nafuu koili yake, ule waya unaopasha maji, iko uchi ndani ya maji. Chumvi ikizidi, umeme unaovuja unaongezeka, na koili yenyewe inaliwa haraka. Ziko shawa za maji ya chumvi, koili yake imefunikwa. Bei imechangamka kidogo, lakini kama una kisima nunua hiyo. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, nenda duka la pili.

Kinachonikera zaidi ni ethi. Nafungua shawa, nakuta waya wa kijani wenye mstari wa njano umekunjwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, haujaunganishwa popote. Aliyefunga aliona maji yanapata moto bila huo waya, akachukua hela yake akaondoka. Waya ule haupashi maji, ni kweli. Kazi yake ni kuupeleka umeme unaovuja ardhini usipitie kwako. Na wale wanaoufunga kwenye bomba la maji: mabomba ya siku hizi ni plastiki, hapo hakuna ethi.

"Lakini nina saketi breka." Haya, tupige hesabu. Ngozi kavu inazuia umeme kiasi, ila ikilowa ukinzani wa mwili unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Volti 230 gawanya kwa 1,000 unapata ampia 0.23, na ampia 0.1 tu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Breka ya shawa mara nyingi ni ya ampia 32, na haikati mpaka umeme uzidi hapo. Utakufa yenyewe imetulia palepale. Kifaa kinachoweza kukuokoa ni RCD ya miliampia 30: inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ikikuta pengo inakata mara moja. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi, na isipokata ibadilishwe.

Wa hita ya ndoo nanyi, acheni kuchovya kidole kupima joto wakati hita bado iko kwenye umeme. Zima, chomoa, itoe, ndipo upime.

Mtu akinaswa bafuni usimshike, hata akiwa mwanao. Kimbilia swichi kuu kwanza. Ndiyo maana swichi ya shawa naifunga nje ya mlango wa bafu. Kama yako iko ndani, mwite fundi aihamishe.