Kwa anayetaka kurekodi marasta wa Arusha

Mkuu, umeuliza ufanyeje ili marasta wa Arusha wakubali kurekodiwa kwenye dokumentari yako, maana uliowafuata wote wamekukwepa. Mimi nilishaifanya kazi hiyo, na nilikwepwa vilevile.

Nilianzia Mnara wa Saa. Pale mwenye dredi na kofia ya rangi tatu humkosi, ila wengi ni maflaikacha, vijana wa kuwawinda watalii mtaani, wanakusoma kama wanavyomsoma mtalii. Nilimlipa mmoja, akanishushia maneno matamu nusu saa nzima. Kumbe rasta wa nywele, si wa imani. Nikafuta yote. Tangu siku hiyo silipii mahojiano. Nanunua unga, nachangia nauli, basi.

Wa imani niliwapata huko juu ya Ngaramtoni, familia ya wakulima. Nilifika na begi la kamera mgongoni, mzee akasema, "Hilo weka ndani, shika jembe." Nililishika wiki tatu. Ndipo nikaelewa kwamba dredi kwao ni nadhiri, ile ya Mnadhiri kwenye Biblia, Hesabu 6, wembe usipite kichwani. Kwamba nguruwe haliwi pale, na mama hupika bila chumvi. Kwamba 2 Novemba, siku aliyotawazwa Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia wanayemtukuza, mwaka 1930, ngoma hazilali. Jirani wao, wamepakana mgomba kwa mgomba, hakuwa anajua hata moja kati ya hayo. Yeye alijua bangi tu.

Na mimi nikaangukia humohumo. Toleo la kwanza la filamu nililifungua na moshi wa bangi. Jua la asubuhi, moshi unapanda taratibu, nikajiona fundi kweli. Nikawaonyesha uani kwa projekta ya kuazima. Kimya. Halafu mama mwenye nyumba akaniuliza, "Mdogo wangu, hii ikifika shuleni kwa mwanangu, utakuja wewe kumtetea?"

Sikuwa na la kujibu. Isitoshe bangi ni kosa, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 iko wazi, kwa hiyo ile picha yangu tamu ilikuwa ushahidi wenye sura na sauti ya mtu. Niliifuta mbele yao, mpaka kwenye diski ya akiba.

Toleo la pili linaanza na mzee akiwamba ngozi ya ngoma, dakika mbili hakuna anayeongea. Washkaji wa mjini walisema imepoa. Wenye filamu yao waliomba irudiwe. Kwa hiyo waonyeshe kabla hujaitoa, na akikataa mmoja, kata kipande chake hata kama ndicho kinachokuuma.

Kibali cha Bodi ya Filamu usikipuuze, sheria yake ipo tangu 1976. Na mwenyekiti wa kijiji mwone mapema. Wa kule alinifuata siku ya nne akiamini napiga picha za kuuza mashamba ya watu.

Kuhusu kamera, simu uliyoitaja inatosha. Hela weka kwenye maiki ya kubana kolani. Mimi nina saa sita za mahojiano ambayo kinachosikika vizuri ni migomba tu.