Wasomaji Wanauliza: Pedali za Gitaa za Kufurahia

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza pedali mbili (visanduku vya kubadili sauti ya gitaa, vinavyobonyezwa kwa mguu) ambazo mpiga gitaa wa kwaya hapaswi kuzikosa, yaani ovadraivu, inayoikwaruza sauti kidogo, na rivabu, inayoipa sauti ukubwa wa ukumbi. Barua zilizofuata, nyingi kutoka Arusha na Moshi, zimeuliza jambo jingine kabisa: je, hakuna pedali ambayo mtu anaweza kuinunua kwa raha yake tu? Zipo, na leo tunazijibu barua hizo.

Shikamoo mzee wa safu. Ninapiga solo katika kwaya ya vijana, na nyumbani hufanya mazoezi peke yangu kwa amplifaya ndogo. Ninayo ovadraivu, lakini nimeichoka, kwa sababu nikishaiweka sawa sina tena cha kuigusia. Nimeweka akiba ya kununua pedali moja tu. Ipi haitanichosha? (Kijana wa Ngarenaro, Arusha)

Marahaba, mwanangu. Ovadraivu ni pedali ya kuweka sawa na kuisahau, na ubora wake ndio huo. Pedali ya kuchezea ni ile inayokufanya upige kitu ambacho hukukikusudia, na kwa fedha ya pedali moja ningechagua dilei, inayorudisha kila unachopiga baada ya kukichelewesha kidogo, mara moja au mara nyingi.

Katika dilei za analojia, kama vile Memory Man ya kampuni ya Electro-Harmonix ya New York, sauti hupitishwa ndani ya chipu yenye mlolongo mrefu wa vihifadhi vidogo vya chaji, kila kimoja kikimpokeza mwenzake kwa mapigo ya saa ya ndani, kama watu waliojipanga kutoka mtoni wakipokezana ndoo. Utaratibu huo ulibuniwa katika maabara za Philips, Uholanzi, mwaka 1969. Chipu ya MN3005, ambayo wapenda pedali bado wanaitafuta, ina hatua 4,096. Saa yake ikipiga mara 100,000 kwa sekunde, sauti hutoka baada ya milisekunde 20 hivi, na ikipiga mara 10,000, baada ya milisekunde 205. Nobu ya muda, yaani kitufe cha kuzungusha, kazi yake ni kuharakisha au kupunguza mapigo hayo, basi. Lakini ukiizungusha wakati sauti bado imo njiani, sauti hiyo itatoka kwa kasi tofauti na ile iliyoingia nayo, kwa hiyo itapanda au kushuka huku unaisikiliza.

Fanya hivi. Punguza kwanza sauti ya amplifaya, piga noti moja kwenye uzi wa tatu, kisha ongeza nobu ya marudio taratibu. Dilei nyingi za aina hii zina mahali ambapo marudio huacha kufifia na kuanza kujilisha yenyewe. Ukifika hapo, ondoa mkono kwenye gitaa na uanze kuigusa nobu ya muda kidogo kidogo: noti ile ile itateremka hadi iwe mngurumo, itapanda hadi iwe mluzi, na ukirudisha nyuma nobu ya marudio kwa unene wa unywele itaanza kufa polepole, ikizidi kufifia makali kila inaporudi, maana kila mzunguko huacha nyuma sehemu ya sauti nyembamba. Mtu anaweza kumaliza jioni nzima hapo bila kupiga noti ya pili.

Usidhani ni lazima upate ya gharama. Dilei nyingi za bei nafuu zimejengwa kwa chipu ya PT2399 kutoka Taiwan, ambayo ilikusudiwa kutia mwangwi katika mashine za karaoke. Ni ya kidijitali, lakini nayo huitikia nobu ya muda kwa namna hiyo hiyo. Zisizofaa kwa mchezo huu ni zile za kidijitali ambazo ukigusa nobu ya muda hukata sauti na kuanza upya. Dukani, kabla hujatoa pesa, izungushe nobu hiyo wakati pedali inalia, na kama muuzaji anakuagizia kutoka Dar es Salaam au Nairobi, mwombe akurekodie kwa simu jambo hilo hilo.

Ndugu mwandishi, nasikia kuna pedali inayorekodi unachopiga na kukirudia bila kikomo. Je, ni mchezo tu au kuna faida? (Msomaji wa Njiro, Arusha)

Hiyo ni pedali ya lupu, na kwa mtu aliyekulia katika muziki wa dansi sijui kama kuna mchezo mtamu zaidi. Ile iliyowaingiza wengi katika mambo haya ni Ditto ya TC Electronic, yenye nobu moja, swichi moja ya mguu, na nafasi ya kurekodi dakika 5. Unarekodi rizimu ya sebene, mizunguko minne inatosha, kisha juu yake unaweka mi-solo, gitaa la kati ya rizimu na solo, na hapo solo inabaki mikononi mwako ukiwa bendi ya mtu mmoja. Ugumu uko mguuni: swichi ibanywe kwenye pigo la kwanza lenyewe wakati wa kuanza, na kwenye pigo la kwanza tena wakati wa kufunga, kwa sababu ukichelewa hata kidogo rizimu itachechemea mahali pale pale kila inapozunguka. Hilo litakukera hadi ujifunze, na faida uliyoiulizia ndiyo hiyo.

Habari za kazi, mwanangu. Kijana wangu wa kidato cha nne amenunua pedali ya fazi kwa mtu, na sasa nyumba nzima inanguruma. Jirani yetu, fundi redio, ameisikia akasema kuna kitu kimeharibika. Je, ni kweli? Na anaweza kuipiga kanisani? (Mama wa Sakina, Arusha)

Shikamoo, mama. Fundi hakukosea sana, kwa kuwa sauti hiyo ilianza kama hitilafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika studio moja ya Nashville, Marekani, wimbo wa Marty Robbins ulipokuwa ukirekodiwa, sehemu ya mtambo wa kukuzia sauti iliharibika na besi ya Grady Martin ikatoka imekwaruzika vibaya. Waliokuwapo wakaamua kuiacha hivyo hivyo. Fundi mitambo wa kikao hicho, Glenn Snoddy, baadaye alibuni sakiti ya kuiga hitilafu ile, na kampuni ya magitaa ya Gibson ikaanza kuiuza mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wanunuzi walikuwa wachache hadi mwaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipoipiga katika wimbo uliosikika duniani kote, ndipo ikagombaniwa madukani.

Inachofanya ni kukuza mawimbi ya gitaa kupita uwezo wa sakiti, hadi vilele vyake vyote vikatwe. Mwambie kijana apige nyuzi mbili kwa wakati mmoja na si kodi nzima (noti kadhaa za pamoja), kwa sababu ndani ya fazi noti nyingi hugongana na kutoa kelele tupu. Kisha aiache nobu ya pedali ikiwa juu, na kwa kidole cha mwisho cha mkono anaopigia apunguze nobu ya sauti iliyo kwenye gitaa lenyewe. Fazi za mtindo wa Fuzz Face husafika kwa njia hiyo hadi zikaribie sauti safi, na kati ya usafi huo na mngurumo kuna ngazi nyingi ambazo vijana hawazigundui kwa kuwa kila kitu wamekiweka mwisho.

Kanisani hapana, angalau si kwa kuichomeka moja kwa moja kwenye miksa. Spika ya gitaa hupunguza sana sauti za juu kupita hetzi 5,000 hivi, ilhali spika za ukumbi huzitoa zote, na waumini wataziba masikio kabla ya pambio la pili. Nyumbani mpangie saa zake.

Mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu. Ujanani nilipiga rizimu katika bendi ya dansi, na gitaa lililokwaruzwa sijawahi kulipenda. Wajukuu wamenizawadia gitaa jipya. Je, katika vitu hivi vya kuchezea kuna kinachomfaa mtu wa rumba? (Rau, Moshi)

Shikamoo, Mwalimu. Wengi wangekutajia korasi, na wangekuwa na sababu. Pedali ya kwanza kabisa ya kampuni ya Boss, CE-1 ya mwaka 1976, ilichukua sakiti ya korasi iliyokuwa ndani ya amplifaya ya Roland JC-120. Huichanganya sauti yako na nakala yake inayopanda na kushuka kidogo, hata gitaa moja likasikika mawili. Inapendeza, lakini baada ya siku chache utaiacha imewashwa na hutaigusa tena.

Kwako ningependekeza wawa, pedali inayoifumba na kuifungua sauti hadi iseme "wa", hasa ile inayojiendesha. Wawa ya mguu ilizaliwa mwaka 1966 katika kampuni ya Thomas Organ ya California, mhandisi Brad Plunkett alipotia sakiti ya kichujio ndani ya pedali ya kuongezea sauti ya kinanda. Mwaka 1972 Mike Beigel akatoa Mu-Tron III, isiyohitaji mguu kabisa, kwa kuwa hupima nguvu ya kila mpigo na kukifungua kichujio kulingana nayo. Stevie Wonder aliitumia kwenye klavineti yake, aina ya kinanda cha umeme. Siku hizi kuna pedali nyingi za mtindo huo, na nyingi zina nobu ya usikivu, ambayo ndiyo ya kuhangaika nayo. Iweke mahali ambapo noti za chini, ukizigusa kwa gumba taratibu, zinabaki zimefumba, na zile za juu, ukizidonoa kwa shahada, zinafunguka zikisema "wa". Mkono wa rizimu uliozoea kupiga kwa nguvu ile ile utaumbuka dakika ya kwanza, kwani kila tofauti ndogo ya nguvu hutoka nje waziwazi. Nadhani mwalimu hatalichukia hilo.

Nimeichomeka dilei yangu kwenye adapta ya ruta ya intaneti. Ikatoa harufu, ikazima. Ndiyo basi? (Kiboriloni, Moshi)

Huenda bado. Pedali nyingi hutaka volti 9 za mkondo mnyoofu, hasi ikiwa katikati ya plagi, ilhali adapta nyingi za ruta ni za volti 12 na chanya ndiyo iliyo katikati. Mchoro mdogo kwenye kibandiko cha adapta huonyesha hilo. Usiitupe. Pedali nyingi zina dayodi ya ulinzi karibu na tundu la umeme, ambayo mara nyingi huungua ya kwanza, na kipuri hicho ni cha bei ndogo kwa fundi yeyote. Angalizo jingine: adapta ya Marekani iliyoandikwa volti 120 peke yake haiwezi kustahimili volti 230 za kwetu, na anayetumia betri achomoe waya wa gitaa akimaliza, maana waya huo ndio unaoiwasha.

Ninazo pedali nne: lupu, fazi, wawa na dilei. Nizipange vipi? (Kijenge, Arusha)

Kwa jukwaani: wawa, fazi, dilei, kisha lupu. Kwa raha, toa lupu mwisho uilete mwanzo, karibu na gitaa. Fazi itabadilika tabia kidogo kwa kuwa haipendi kutenganishwa na gitaa, lakini vumilia. Rekodi kipande kifupi, uache kijirudie, weka gitaa chini, kisha uchuchumae mbele ya hizo nyingine tatu: sasa una mikono miwili huru ya kuzungusha nobu wakati muziki unaendelea, na unaweza hata kuitanguliza dilei mbele ya fazi, jambo ambalo mafundi wa sauti hulikataza, ili usikie marudio yanavyokwaruzwa pamoja na noti mpya. Zima amplifaya kila unapohamisha waya.