Pedali ikilegea mlimani, usikimbilie kununua pedi kali

Mkuu, umeuliza kama ukifunga pedi kali za breki (vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu) gari lako litasimama kwa umbali mfupi, maana ukishuka mlima mrefu pedali inalegea na gari linakuwa kama halikusikii. Mimi nilipatwa na jambo hilo hilo, na nilianza kwa kununua kitu kisicho sahihi.

Gari langu ni la kawaida la familia, breki za diski mbele, za ngoma nyuma. Siku hiyo tulikuwa watu watano na buti imejaa mizigo. Nilishuka mteremko mrefu nikiwa kwenye gia nyepesi, ile ya mwendo kasi, mguu uko kwenye breki karibu muda wote. Chini kulikuwa na kona. Nikakanyaga, pedali ikazama kama nimekanyaga godoro. Gari lilisimama, ila mbele sana ya pale nilipotaka, na ndani kukajaa harufu ya kuungua. Hakuna aliyesema neno kwa dakika kadhaa.

Wiki hiyo hiyo nikanunua pedi za mashindano. Muuzaji aliniambia zinavumilia joto kuliko zote, na alisema kweli. Hakuniambia tu kwamba pedi za aina hiyo zinalitaka hilo joto ndipo zishike. Asubuhi ya kwanza natoka nyumbani, breki za baridi, nikakanyaga kwenye makutano ya kwanza na gari likazidi kusogea huku nimekaza mguu mpaka goti linatetemeka. Isitoshe zilikuwa zinapiga kelele kila nikisimama na zikaanza kuzila diski. Nilizitoa baada ya wiki tatu. Gari la barabarani linaweza kuhitaji breki kwa nguvu zote dakika moja tu baada ya kuwashwa, mtoto akikatiza mbele, na pedi ya mashindano wakati huo bado imelala.

Ndipo nikaanza kuuliza watu wanaojua. Jambo la kwanza nililoambiwa lilinishangaza: kinacholisimamisha gari ni tairi, breki kazi yake ni kulizuia gurudumu tu. Tafuta barabara kavu, nyoofu, isiyo na mtu mbele wala nyuma, nenda kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga breki mpaka mwisho. Ukisikia pedali inadunda mguuni, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi, maana yake breki zako tayari zina nguvu kuliko mshiko wa tairi na barabara. Hapo hata ukifunga pedi za aina gani, umbali wa kusimama mara moja hautapungua kwa maana yoyote. Tairi nzuri zitaupunguza. Mimi nilikuwa natumia tairi ngumu kwa uzee, zimepasukapasuka pembeni, halafu nahangaika na pedi.

Pedi inapoleta tofauti ni kwenye joto. Gari likiwa kwenye mwendo wa 100 lina nishati mara nne ya lile la 50, na sehemu kubwa ya nishati hiyo inageuka joto kwenye breki. Kusimama mara moja si tatizo. Tatizo ni kusimama mara kumi mfululizo, au kushuka mlima umebeba mzigo, diski hazipati nafasi ya kupoa.

Na hapa ndipo swali lako linapogeuka. Breki zikizidiwa na joto zina njia mbili za kukutupa. Ya kwanza, pedali inabaki ngumu kama kawaida lakini gari halisimami: hapo pedi yenyewe imepita kiwango chake. Ya pili, pedali inalegea na kuzama: hapo kwa kawaida mafuta ya breki yamechemka, mvuke umeingia kwenye mfumo, na mvuke hubanwa tofauti na mafuta. Wewe umesema inalegea. Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta, na pedi mpya hata ziwe bora namna gani hazitatibu hilo.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 yakiwa mapya, 140 yakiwa na unyevu. Yangu yalikuwa meusi, sijawahi kuyabadilisha tangu ninunue gari, na fundi aliyekuwa akilihudumia alikuwa anaongezea tu. Wengi wanashauri yabadilishwe kila miaka miwili, mfumo mzima, na hewa itolewe kwenye magurudumu yote. Soma kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki iliyo chini ya boneti kuona gari lako linataka yapi, na usichanganye na DOT 5 ya silikoni. Ile 5.1 ni kitu kingine kabisa, ingawa majina yanafanana.

Jambo la pili nililolikuta gurudumu lilipofunguliwa: pedi ya ndani upande wa kushoto ilikuwa imebaki milimita 2, ya nje 6. Pini ambazo kalipa (kile kishikio kinachozibana pedi kwenye diski) huteleza juu yake zilikuwa zimeganda kwa kutu. Maana yake pedi moja ilikuwa inafanya kazi ya mbili, na ndiyo iliyokuwa inapika yale mafuta. Tulizisafisha, tukapaka grisi ya silikoni (grisi ya kawaida huvimbisha raba za hizo pini), na kazi hiyo ya nusu saa ilibadilisha breki zangu kuliko pedi zote nilizowahi kununua.

Sasa pedi zenyewe, maana najua bado unataka kununua. Za oganiki ni laini, kimya, hazili diski, lakini huchoka mapema kwenye joto. Za seramiki hazina kelele, vumbi lake ni kidogo na halichafui rimu, zinafaa sana kwa mizunguko ya mjini. Za semi-metaliki zina chuma nyingi ndani, zinahamisha joto vizuri, zinavumilia milima na mzigo, ila zina vumbi jeusi na diski inalika haraka zaidi. Mimi nilimalizia na semi-metaliki za barabarani, za kiwango kile kile cha zile zilizokuja na gari, kwa sababu naishi na milima. Kama ningekuwa wa mjini tu ningechukua seramiki nisiangalie nyuma.

Angalia ubavuni mwa pedi kuna herufi mbili, mfano FF au GG. Ya kwanza ni ukali wa mshiko pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto. Kwa kipimo cha msuguano, E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukikuta FE, ujue inapungua nguvu ikipata moto, na hiyo siyo unayoitafuta mlimani. Pedi yenye alama ya R90, kiwango cha kimataifa cha pedi za kubadilishia, imepimwa ili mshiko wake usitofautiane na wa pedi ya awali kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi isiyo na alama yoyote mimi siigusi.

Ukifunga, funga kushoto na kulia kwa pamoja. Pima unene wa diski, kiwango cha chini huwa kimegongwa kwenye diski yenyewe. Usipulize vumbi kwa hewa ya kompresa. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, na huwezi kujua kwa macho. Kabla gari halijasogea hata inchi, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni zinazosukuma pedi zimerudishwa nyuma. Nililisahau hilo mara moja nikamaliza safari yangu kwenye ukuta wa uani, kwa mwendo wa konokono, namshukuru Mungu.

Kisha zizoeze. Barabara tupu, kutoka 60 shuka hadi 10 bila kusimama kabisa, mara nane au kumi, ukiacha nafasi kati ya moja na nyingine. Halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki sana zipoe. Usisimame ukashikilia pedali zikiwa za moto, zinaacha alama kwenye diski na baadaye usukani unatetemeka.

Na mlimani, weka gia nzito, ile ya mwendo mdogo, kabla hujaanza kushuka, injini ikushikie gari.

Kabla hujatoa hela yako, fungua magurudumu ya mbele, pima pedi ya ndani na ya nje kila upande, angalia rangi ya mafuta, halafu niandikie hapa ulichokiona pamoja na herufi zilizo kwenye pedi zako za sasa.