Zuhura, mji wa pwani huulizwa asubuhi

Zuhura mwanangu, salamu na dua nyingi kwako na kwa mkwe wangu.

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nikaona bora niandike, maana nikiyasema haya kwenye simu nitalia na wewe utadhani naumwa. Umeuliza, mama wewe Hua Hin ulishafika, sisi tunakaa siku tano, tufanye nini na tule wapi, na mume wangu anasema tusimwage hela kwa hiyo tutajie pa bei nafuu. Haya, nakujibu.

Hua Hin si Phuket, usitegemee visiwa na maji ya kijani ya kwenye kalenda. Ni mji wa pwani wa Wathai wenyewe, kama kilomita 200 kusini ya Bangkok, mchanga umenyooka mrefu na bahari inaangalia mashariki kama kwetu Tanga, yaani jua linatoka majini. Jina lake maana yake ni kichwa cha jiwe, na ukishuka ufukweni pale karibu na ile hoteli ya zamani ya reli, ya 1923, utayaona mawe yenyewe yametoa vichwa mchangani. Na mimi nimewaambia tangu mko wadogo, mji wa pwani huulizwa asubuhi. Jioni kila mji umejipaka wanja. Asubuhi ndiyo unajua nani anavua, nani anapika, samaki wa jana wako wapi.

Kwa hiyo amkeni. Najua ni fungate, najua, lakini siku moja tu amkeni alfajiri. Mtawakuta watawa wao wanapita peku na mabakuli, watu wanapiga magoti kuwawekea chakula, wala msipige picha kwa karibu, simameni pembeni kwa adabu. Halafu nendeni soko la mjini, linaitwa Chatchai. Mtafute mama anayepika khanom krok. Zuhura, ni vitumbua! Chuma kile kile cha mashimo, unga wa mchele, tui, tofauti wao wanafanya vidogo, juu wanamwagia tui zito lenye chumvi kidogo, na wengine wanatupia majani ya kitunguu, na wanavibandika viwili viwili uso kwa uso kama kombe. Nilipoviona mara ya kwanza nilisimama pale nikamwangalia yule mama anavyovichomoa kwa kijiko kwa kuzungusha ukingoni, mkono ule ule wa bibi yako wa Tongoni, na mimi niko mwisho wa dunia.

Baba yako ndiye aliyevinunua. Na hapo ndipo nilipotaka kufika, au sikutaka, sijui.

Ilikuwa 2002, mwezi wa pili, wewe uko darasa la pili tumekuacha kwa bibi. Enzi hizo nusu ya Kariakoo ilikuwa inajumua nguo Bangkok, watu walikuwa hawajahamia Guangzhou ya China, na mimi nilishaenda mara kadhaa peke yangu, masoko ya nguo ya Pratunam na Bo Bae, unapanda ngazi unashuka ngazi na dola kiunoni. Safari ile baba yako akasema anisindikize. Ndiyo mara moja tu katika maisha yetu tulipanda ndege pamoja. Tukamaliza kununua, tukafunga marobota, wakala wa mzigo akasema hayatoki hadi kesho kutwa. Mimi nilitaka tukae hotelini tupige hesabu. Baba yako akasema Mama Zuhura, siku sita sijaona maji, twende baharini.

Tukapanda treni pale Hua Lamphong, daraja la tatu, madirisha wazi, masaa manne na zaidi, kila kituo wanapanda wamama na vikapu vya kuku wa kuchoma na wali wa kunata kwenye vifuko vya nailoni, baba yako kila kikapu anakiangalia mpaka kinafika mwisho wa behewa. Siku hizi treni nyingi za kusini zinaondokea kituo kipya kikubwa cha Bang Sue, na Hua Hin yenyewe tangu mwisho wa 2023 treni inasimama juu kwenye stesheni mpya ya ghorofa, lakini ile ya zamani imebaki hapo chini, mbao tupu, nyekundu na rangi ya maziwa, na pembeni kibanda alichokuwa akipumzikia mfalme akisubiri treni. Hata mkienda na basi pitieni muione, baba yako aliizunguka nzima akigonga nguzo kwa kidole kama fundi anayetaka kununua.

Jioni tukaenda soko la usiku, mtaa wa Dechanuchit. Hilo nenda, lipo mpaka leo, usiku ni moshi na barafu. Wameziba barabara kwa meza, vyakula vya bahari vimelazwa juu ya barafu, kamba wakubwa kama mkono wa mtoto, ngisi, chaza, na kaa. Wale kaa wa buluu wenye madoa, tunaowajua sisi. Baba yako akasimama. Mwenye meza akamnyanyua mmoja akamgeuza tumbo juu, na baba yako akambonyeza kwa dole gumba pale kwenye shina la miguu, unajua alivyokuwa akifanya, akaniangalia akasema huyu amejaa. Uso wake, Zuhura. Kama mtoto. Mwenye meza akaonyesha kwenye kikokotoo, baht mia tatu hamsini, baht ndiyo hela yao.

Nikamwambia, Baba Zuhura hiyo ni hela ya mzigo.

Hakubisha. Akamrudisha kaa kwenye barafu, taratibu, akamlaza vizuri kama alivyokuwa, akafuta mkono kwenye suruali akasema, sawa mama. Tukala wali wa kukaanga na yai. Ulikuwa mtamu tu ule wali, wamekamulia ndimu, sina neno nao. Lakini ile sawa mama mpaka leo naisikia.

Tukashuka ufukweni kulala bado mapema. Huko mbali kwenye upeo kuna taa za kijani, nyingi, kama mji mwingine juu ya maji, mimi nikadhani meli. Akasema hapana, wanavua ngisi, taa zinavuta ngisi juu kama sisi tunavyovuta dagaa kwa karabai. Akanieleza mpaka nikasinzia begani kwake. Mziangalie taa hizo na mkwe wangu, ni bure.

Sasa asubuhi ndiyo ile. Alfajiri tukatoka, tukapita vitumbua, tukateremka kwenye gati ya wavuvi. Mashua zinarudi. Wale jamaa hawajui Kiswahili wala Kiingereza, na baba yako Kithai hajui hata neno, lakini kuna mzee alikuwa amekaa chini anashona nyavu, baba yako akachuchumaa mbele yake, akaangalia, akaangalia, kisha akanyoosha mkono. Mzee akampa sindano. Akashona! Fundo lake na la mzee lilikuwa moja, hawakuwa wanatofautiana kitu, wakaanza kushindana, wenzao wakaja kusimama wanacheka, wakamletea kahawa ya maziwa kwenye mfuko wa plastiki wenye mrija. Nusu saa nzima. Sijawahi kumuona na furaha ile, hata siku ya harusi yetu alikuwa na wasiwasi wa wageni, pale hakuwa na wasiwasi wowote.

Mimi ndiye niliyesema treni. Nikamshika begani nikasema tutaachwa, mzigo. Akarudisha sindano, mzee akamshika mikono yote miwili. Tukafika Bangkok, wakala akatuambia njooni keshokutwa tena.

Siku nyingine nakaa najiambia, wewe ulikuwa sahihi. Hesabu ni hesabu. Ule mzigo wa jinzi ulitoka vizuri, ulilipa ada yako na ya kaka yako, na bati za nyumba ya Tongoni unazoziona ni zile. Kama ningekuwa mtu wa kusema haya leo tule kaa, kesho tupande teksi, tusingefika. Baba yako mwenyewe aliwahi kusema, mama yenu ndiye aliyeshika usukani. Halafu siku nyingine najiuliza, mia tatu hamsini, Zuhura. Katika robota moja palikuwa na blauzi tatu zilizochanika mshono nikazigawa bure. Blauzi tatu ndiyo kaa yule. Na sikuwa najua kwamba hatutarudi. Nilisema moyoni mwakani, mwakani mzigo ukiwa mkubwa. Kisha miguu yake ikaanza, kisha sukari, mengine unayajua kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unampeleka kliniki.

Nilirudi Hua Hin mara mbili peke yangu. Hapo ndipo nilipojua mengine haya.

Mpande ile gari ya kijani yenye mabenchi mawili, inaitwa songthaew, inatoka mjini inakwenda mpaka Khao Takiab, kilima cha kusini chenye nyani na sanamu kubwa ya dhahabu ya Buddha imesimama inaangalia bahari. Shikilia pochi na miwani, nyani hawana haya. Mabega funika, viatu vua pale wenyewe wanapovua. Upande wa kaskazini kuna kasri la wafalme, Klai Kangwon, maana yake mbali na wasiwasi, alilijenga mfalme Prajadhipok, na alikuwa huko huko Hua Hin Juni 1932 habari za mapinduzi zilipomfikia. Kasri lingine liko Cha-am, la miti ya mvule wao ule wa tiki, limesimama juu ya nguzo, na chini ya nguzo wameweka mifereji ya maji ili sisimizi wasipande. Hilo baba yako angelipenda kuliko yote.

Kama mna nguvu nendeni Khao Sam Roi Yot, kama saa moja kwa gari kusini, kuna pango la Phraya Nakhon, paa lake limetoboka juu, ndani wamejenga kibanda cha mfalme mwaka 1890, na jua likiingia kama saa nne na nusu saa tano asubuhi linakipiga chenyewe. Unaona, asubuhi tena. Njia ni ya mawe, inapanda kweli, vaa raba na si zile ndala zako. Ijumaa mpaka Jumapili jioni kuna soko la Cicada, la sanaa na muziki, chakula unanunua kwa kuponi. Zuri, ila lile ni la wanja.

Kula sasa. Mchana tafuteni hoi thod, kome wamekaangwa na unga na yai kwenye chuma bapa mpaka kingo zinakuwa kavu. Som tam, papai bichi linatwangwa kwenye kinu mbele yako, useme mai phet kama hutaki pilipili, na hata hivyo itakuwasha. Embe na wali wa kunata wa tui, mkibahatisha msimu wa embe, mwezi wa tatu wa nne hivi. Kuhusu halali, nguruwe wao wanaita moo, sema mai sai moo, usiweke nguruwe, lakini sufuria na mafuta huyajui, kwa hiyo tafuteni kibao cha mwezi na nyota au ulizia aharn Islam, na wapika roti za ndizi wengi ni ndugu zetu. Samaki wa kuchoma na chumvi nje amemaliza mabishano yote.

Bei nafuu ipo kila mahali, mwambie mkwe wangu asihangaike. Mkila sokoni na kupanda gari za mabenchi mtarudi na chenji. Ni kijana mzuri, anajua hela inatoka wapi, na mimi nilikuozesha kwake nikifurahi kwa hilo hilo. Kama mna kiwanja mnachokilipia lipeni. Nyumba ni yenu, mimi sitasema nani kati yenu ana haki, sitasema.

Ila ukisimama pale Dechanuchit na ukamuona anabonyeza kaa kwa dole gumba, mwanangu, nyamaza. Nyamaza tu. Hela ya huyo mmoja nimekutumia kwa simu jana usiku, ile uliyodhani nimekosea namba. Sijakosea.

Na asubuhi mkifika kwenye gati nipigie video. Kwenu saa kumi na mbili, huku ni saa nane usiku, nitakuwa macho. Nionyeshe tu chini, mahali wanaposhonea nyavu, kama bado wanashonea pale.

Mama yako.