Mwanangu anakunywa methadoni: je, ametoka haramu kuingia haramu nyingine?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mwanangu alikuwa teja wa unga (heroini) kwa miaka. Sasa kila asubuhi huenda hospitali ya Kidongo Chekundu, hapa Unguja, kunywa methadoni, dawa wanayopewa mateja badala ya unga, na haibi tena vyombo vyangu. Kaka yake anasema huo ni ulevi ule ule na sala yake haikubaliwi siku arubaini. Anataka kumfungia chumbani mpaka arosto, yale maumivu ya kukosa unga, iishe. Nimwachie?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mama yangu. Usimwachie.

Mwanao mkubwa ameishika hadithi ya mnywaji pombe akaitwika mgonjwa. Mlevi hunywa ili akili imtoke. Huyu hunywa kipimo cha daktari, mbele ya muuguzi, arosto isimrudi, na kipimo kikikaa sawa hakimleweshi: anaongea, anafanya kazi, anasali akijua anachosoma. Basi ulevi uko wapi hapo?

Na asidhani haya ni mapya yaliyoletwa na hospitali. Ibn Hajar al-Haytami, nguzo ya madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, aliulizwa kuhusu aliyezoea kasumba (afyuni) hata akawa akiikosa ataangamia. Alijibu kwamba ikiwa hilo ni yakini, ni halali kwake kuila, bali ni wajibu, kama mzoga kwa aliyelazimika. Na ni wajibu pia aipunguze kidogo kidogo mpaka mwili uachane nayo. Ikiwa alisema hivyo juu ya kasumba yenyewe, vipi dawa inayopimwa na madaktari? Huyo anayetoa fatwa kibarazani amesoma kitabu gani kinachompinga?

Kumfungia ndiko ninakokuogopa zaidi. Atatapika, ataharisha, mifupa itamuuma usiku kucha, na siku mlango ukifunguliwa atakimbilia maskani kutafuta unga. Mwili uliokwisha kupoteza mazoea haustahimili kipimo cha zamani, na wengi wamekufa hivyo, sindano ikiwa bado mkononi. Allah anasema: "Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo." Na kaka kumtupa mdogo wake humo ni jambo zito zaidi.

Kuna Sahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa ajili ya ulevi. Mtu mmoja akamlaani, Mtume ﷺ akamkataza, akasema kwamba anampenda Allah na Mtume Wake. Huyo alikuwa bado analewa, mama. Wako ameshaacha.

Asipunguze dawa kwa amri ya nyumbani. Hilo apange na daktari wake. Mpeleke pia akapimwe Ukimwi na homa ya ini, maana umesema alikuwa teja na sindano za kuchangia huacha maradhi. Ramadhani ikikaribia, aulize kliniki kama anaweza kupewa usiku. Isipowezekana, ana hukumu ya mgonjwa, na tutazungumza naye juu ya kulipa au fidia. Nauli mpe wewe mwenyewe kila asubuhi, na mara moja moja mfuatane.

Kaka yake naye mwambie aje kwangu baada ya Isha, kabla hajanunua kufuli.