Kiatamizi si benki, na mchanganuo wa kununua hautakuvusha

SWALI: Nimebuni kifaa cha kupima unyevu wa nafaka na tayari nina kimoja kinachofanya kazi. Nataka kujiunga na kiatamizi cha biashara. Watanipa mtaji kiasi gani? Kuna bwana anasema nikimlipa ataniandikia mchanganuo wa biashara ambao haukataliwi. Nimwamini?

JIBU: Usimlipe. Nitamrudia huyo bwana, maana swali lako la kwanza ndilo ninaloulizwa kuliko yote.

Kiatamizi, yaani kituo kinacholea biashara changa, kwa kawaida hakikupi mtaji. Kinaatamia; yai unakuja nalo mwenyewe. Kile kinachotajwa kuwa cha kwanza kilianza mwaka 1959 mjini Batavia, jimbo la New York, baada ya kiwanda cha mashine za kilimo cha Massey-Harris kufungwa na mji kujaa watu wasio na kazi. Joseph Mancuso alilikata jengo lile kubwa vipande vipande, akapangisha wafanyabiashara wadogo, akaongeza huduma za ofisi za pamoja na ushauri, na akawasaidia kutafuta mtaji kwingine. Mpangaji mmoja alikuwa mtotoleshaji wa vifaranga, ndipo Mancuso akaanza kutania kwamba pale wanaangua biashara.

Wanaotoa fedha wapo, ila hao huwa ni programu za kuharakisha ukuaji, za miezi mitatu hivi, na fedha yao ina bei. Y Combinator ya Marekani, kwa mfano, hutoa dola 125,000 na kuchukua asilimia 7 ya hisa. Ukiona kituo kinataka hisa kama hizo kwa meza na intaneti tu, ondoka.

Kwako wewe, kiatamizi kizuri kitakuwa na faida kubwa mahali ambapo hujapauliza. Je, kifaa chako kimelinganishwa na kipimo cha maabara, yaani sampuli kukaushwa kwenye oveni na kupimwa uzito kabla na baada? Kinasoma sawasawa kwenye mahindi na kwenye maharage? Nani atanunua: mkulima, au mwenye ghala anayepata hasara nafaka ikiota ukungu? Watakutuma kwa wanunuzi kabla hujatengeneza kifaa cha pili, watakuunganisha na maabara, watakufundisha kutenganisha fedha ya biashara na ya mfukoni. Kazi hiyo huchukua mwaka, hata miaka mitatu. Inachosha, na wengi hukimbia hapo.

Sasa huyo mwandishi wa michanganuo. Nimeketi kwenye usaili wa waombaji, na mchanganuo wa kununua unajulikana kwa swali moja: kifaa kimoja kinakugharimu kiasi gani kukitengeneza? Aliyeandikiwa huanza kufunua kurasa. Karatasi ina grafu za rangi za mauzo ya miaka mitano, mwenye biashara hajui bei ya betri! Tungempokea haraka zaidi angekuja na daftari lenye majina ya wenye maghala kumi aliozungumza nao na walichomjibu, hata kama saba walikataa.

Kibaya zaidi ni wale wanaojiita kiatamizi wenyewe. Wanatoza ada ya usajili, wanafanya semina ya siku mbili ya kuhamasishana, wanapiga picha na kugawa vyeti. Kituo halisi kinaweza kutoza pango au mchango wa huduma, hilo ni halali. Kulipia kuchaguliwa ni jambo jingine kabisa. Kabla ya kutia saini popote, omba majina ya biashara tatu zilizohitimu pale angalau miaka miwili iliyopita, uzipigie simu mwenyewe, uulize kama bado zinauza.